Fokasa ya Mama Mkwe

Nilikuwa nimemwoa Khanyi miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote mama yake hakuwahi kuniambia neno hata moja uso kwa uso. Usinielewe vibaya. Hatukuwa na ugomvi. Ni heshima tu, na kwetu heshima ya mkwe na mama mkwe haina mzaha: hamkai benchi moja, hampeani mikono, hamtazamani machoni, na ukimkuta njiani unapisha pembeni, unajifanya unakagua ua wa watu. Akitaka kitu anamwambia Khanyi, Khanyi ananiambia mimi. Nikijibu, namjibu Khanyi, hata kama mama mwenyewe amekaa hatua tatu kutoka nilipo, kajifunika shali hadi kwenye viganja, anatazama ukuta.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana ya reli ya Bulawayo ilinifundisha kazi, ikanitumia miaka kumi na tisa, kisha ikaturudisha majumbani mimi na wenzangu mia mbili kwa barua ya mistari mitatu. Nina mashine yangu ya kukereza nyuma ya nyumba hapa Luveve. Imenizidi umri na bado inakata chuma sawasawa. Nasema haya ili ujue kwamba kwenye habari za vyuma sipendi kufundishwa na mtu.

Mama mkwe, ambaye mtaani wanamwita MaTshuma, alikuwa mwalimu wa sayansi. Mwalimu mkuu wa misheni alipokuwa anarudi kwao alimwachia darubini: bomba jeupe refu kama mtu mzima, mbele lina lenzi ya upana wa kisosi. Kila asubuhi, jua likishavuka paa la jirani na kabla upepo haujaanza, mama mkwe anaifunika ile lenzi kwa karatasi ya fedha inayochuja mwanga, maana bila hiyo jicho linakwisha papo hapo, kisha anakaa kwenye benchi lake uani na kuhesabu madoa ya jua. Ndiyo, jua lina madoa. Mimi pia nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Anaandika kwenye daftari makundi mangapi, madoa mangapi. Mwisho wa mwezi, siku hizi, Khanyi anaupiga picha ukurasa kwa simu na kuutuma ng'ambo, kwa chama cha watu wanaokusanya hesabu hizo kutoka kila pembe ya dunia. Miaka ishirini na tisa mama huyu amehesabu. Na hesabu hiyo hairithishwi. Ni ya jicho moja na darubini moja. Akikaa mwingine pale, hata awe na macho makali namna gani, anaanza hesabu yake mwenyewe. Ile ya mama mkwe, siku akiiacha, ndiyo imekwisha.

Juni hiyo Khanyi alirudi kutoka kwa mama yake uso umemshuka.

"Mama anasema jua linatetemeka."

"Jua linatetemeka?"

"Kwenye darubini. Akizungusha ile nobu ya nyuma ili aone vizuri, linatetemeka, linampita. Siku nyingine analikamata, siku nyingine anakaa mpaka shingo inauma. Anasema ikiendelea hivi ataacha."

"Ataacha nini?"

"Kuhesabu, Baba Thando. Wewe umewahi kumwona mama yangu akiacha kitu?"

Sikuwahi. Na jinsi Khanyi alivyolisema, nikaona kwamba analiogopa hilo kuliko ugonjwa.

Hiyo sehemu ya nyuma wenyewe wanaiita fokasa. Ndiyo inayobeba lenzi ndogo ya jicho, na ukizungusha nobu yake, inatoka au inaingia kidogo kidogo mpaka unachokitazama kitulie. Kuna mahali pamoja tu panapofaa, na pana upana wa unywele. Ukipita, doa dogo la jua halionekani kabisa, ni kama halipo. Tena kila jicho lina mahali pake.

Alhamisi mama mkwe anapokwenda kwenye maombi ya akina mama, nilipita kwake na spana zangu. Nikaifungua ile fokasa. Ilikuwa ya meno, ya zamani, grisi imekauka imekuwa kama gundi, na meno mawili yamelika kabisa. Ukizungusha, inakwama, halafu inaruka. Ukiniuliza, nilifurahi. Ugonjwa umejulikana, ni chuma, na chuma ndiyo kazi yangu. Nikamwambia Khanyi nitatengeneza fokasa mpya isiyo na jino hata moja. Aina hiyo ipo: bomba linatembea juu ya beringi nne, na chini yake kuna ufito mwembamba wa chuma unaolibana na kulisukuma kwa msuguano tu.

"Sasa muulize mama, anatazama akiwa na miwani au bila miwani?"

Kesho yake jibu likaja. "Anasema hilo ni lake."

"Siyo umbea, Khanyi. Ni kipimo. Nataka kujua bomba litoke kiasi gani."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Kasema mkwe apime bomba, asimpime macho."

"Haya. Muulize basi anazungusha kwa mkono gani, niweke nobu upande huo."

"Hilo hakujibu kabisa. Aligeuka akaanza kukunja nguo."

Nikaona ni ukaidi wa mwalimu mstaafu, nikaweka nobu pande zote mbili.

Wiki tatu nilikuwa kwenye mashine. Khanyi alisema hata arusi yetu sikuihangaikia hivyo, nikamwambia arusi haikuhitaji kipimo cha sehemu ya mia ya milimita. Beringi nilitoa kwenye mashine chakavu, nikaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikaanza kuimba. Bomba nililisugua kwa msasa laini kuliko wote niliokuwa nao. Nobu nilizifanya ndogo, kama kifuniko cha chupa ya soda, nyepesi kiasi kwamba ukizipuliza zinazunguka. Jirani yangu alikuja kuzipuliza, akaita na mkewe naye apulize. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile, na nilijua hivyo.

Siku ya mwisho ya Julai niliifunga kwenye darubini. Jioni Khanyi akarudi kutoka kwa mama yake na kuku mzima, amefungwa miguu.

"Mama anasema asante sana. Anasema ni laini mno."

"Kasema mno?"

"Kasema mno."

Nililala na hilo neno kichwani. Mimi, niliyefukuzwa karakana kwa barua ya mistari mitatu, nimepewa mno na mwalimu wa sayansi. Kuku tulimla Jumapili.

Katikati ya Agosti Khanyi alikwenda Francistown, ng'ambo ya mpaka, kununua viatu vya shule vya kuuza. Wiki nzima. Wakati huo huo halmashauri ikakata maji, kama kawaida yake, na Khanyi akaniachia amri: mama asikose maji, na mpelekee ule mfuko wa viwavi vya mti wa mopane vilivyokaushwa kwa kitoweo, na usifanye fujo. Sikujua ni fujo gani angeweza kufanya mtu asiyeruhusiwa hata kusalimia.

Basi asubuhi nikasukuma toroli lenye madumu manne. Getini nikakohoa mara tatu, ndiyo hodi ya mkwe. Nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa. Mama mkwe ameingia ndani ili nipite. Nikamimina maji kwenye pipa, nikauweka mfuko dirishani. Darubini ilikuwa imesimama uani imeelekea jua, na kwenye benchi daftari liko wazi, juu yake kalamu.

Sikuwa na nia ya kusoma. Nilitaka tu kuona kazi ya fokasa yangu ikiwa kwenye namba. Nikaona Julai: siku tatu kwa wiki zina namba, wiki nyingine siku nne, zilizobaki mistari mitupu. Nikafunua. Agosti mosi: mawingu. Agosti pili: mawingu. Tatu, mawingu. Nikashuka kwa kidole mpaka jana yake. Siku kumi na sita, mawingu.

Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa buluu kutoka ukingo mpaka ukingo, kama ilivyokuwa tangu Mei. Agosti kwetu hakuna wingu. Hata yale manyunyu ya baridi yanayotufunika siku mbili tatu kila mwaka, mwaka huo hayakuja. Mtoto wa darasa la kwanza angejua kwamba huo ni uongo. Na aliyeuandika ni mwanamke ambaye Khanyi anasema aliwahi kumshusha mwanafunzi alama kwa kuandika "takriban".

Kabla ya fokasa yangu, namba. Baada ya fokasa yangu, mawingu.

Damu ikanipanda. Nikaona kila kitu: ameikataa, kazi yangu haifai, ila heshima inamzuia kusema, basi akanitumia kuku kama unavyomtumia mtoto pipi. Nikageuza dumu tupu, nikakalia. Sikuwa na Khanyi wa kumtuma. Kulikuwa na paka tu, dume la mama mkwe, jina lake Diwani kwa sababu haonekani mpaka chakula kiive. Alikuwa amelala juani karibu na mguu wa benchi.

"Diwani," nikamwambia, kwa sauti ya kufika jikoni, "hebu muulize mwenye nyumba, haya mawingu yalitokea upande gani?"

Kisha pazia likacheza.

"Diwani," sauti ikatoka ndani, "mwambie mgeni daftari la mtu ni barua yake. Halisomwi."

"Mwambie lilikuwa wazi."

"Mwambie na dirisha liko wazi, mbona hajapita."

"Diwani, mwambie mimi si mtoto. Kama fokasa ni mbovu, aseme mbovu. Sina haja ya kuku."

"Muulize, kuku si ameshaliwa?"

"Mwambie ameliwa. Nitanunua mwingine nimrudishie."

"Mwambie asithubutu."

Paka akachoka na sisi. Akajinyoosha, akaruka ukuta, akaenda kwa jirani, na tukabaki hatuna wa kumsemesha. Nilikaa pale nikiwa na hasira na pia nikiwa mjinga, hali ambayo siipendi. Nikainuka nichukue toroli langu. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama mkwe akatoka. Amejifunga shali ile ile, mikono yote ndani, macho chini. Nikapisha mpaka kwenye waya wa ua, nikageuza uso. Akakaa kwenye benchi nyuma ya darubini. Akakohoa mara moja, na nikaelewa kwamba ninaitwa nitazame.

Akatoa mkono wa kulia kwenye shali, akauweka kwenye nobu.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Ulikuwa unakwenda na kurudi wenyewe, bila kupumzika, na yeye anautazama kama unavyomtazama mtoto wa mtu anayekuaibisha mbele ya wageni. Na ile nobu yangu, niliyoifanya ipokee hata pumzi, ilipokea kila mtetemo. Bomba likawa linaingia, linatoka, linaingia, linatoka. Ile ya zamani yenye meno mabovu na grisi ya gundi angalau ilikuwa ngumu, na siku nyingine ilimstahimilia. Yangu ilikuwa laini. Laini mno, alisema mwenyewe, na mimi nikalala nikitabasamu.

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Muda wote nilidhani shali ile ya kufunika viganja ni heshima kwangu. Niliuliza anatumia mkono gani, akakunja nguo, nikamwita mkaidi.

Mama mkwe akaugeukia ukuta, akauambia ukuta, polepole.

"Ulianza mwaka juzi. Khanyi hajui. Akijua atanihamishia kwake, na kwake asubuhi jua limezibwa na ghorofa la shule. Fokasa si mbovu. Ni nzuri, sijawahi kushika kitu kizuri vile. Kilichoharibika ni mimi. Sasa hilo ningelitumaje kwa mkwe? Kijana amekaa wiki tatu kwenye mashine. Nilitaka kuandika sikuona, mkono ukaandika mawingu."

Nilichukua toroli nikaondoka, na njiani sikuwasalimia watu wawili ninaowajua.

Siku mbili nilifanya kazi ambayo fundi yeyote wa beringi angeililia. Maisha yangu yote nimefanya vitu viende kwa ulaini zaidi. Sasa nilikuwa nakifanya kitu kiende kwa ugumu. Kwenye sanduku la vyuma chakavu nilikuwa na gurudumu la mkono la cherehani, la chuma kizito, upana wa sahani. Nikalitoboa gurudumu likae mahali pa nobu ya kulia. Hesabu yake ni rahisi: mkono ukitetemeka upana wa kidole kwenye ukingo wa gurudumu kubwa, ufito ulio katikati unasogea unywele. Kisha nikakata ngozi kwenye mkanda wangu wa zamani, ya kubananishwa na ufito kwa springi, ili gurudumu liwe zito na lisisikilize kila upuuzi. Mwisho nikachonga ubao wa kufunga kwenye mguu wa darubini, wa kuegemeza kiwiko. Kilikuwa kitu kibaya kukitazama. Jirani yangu alikuja, akajaribu kukipuliza, akaniuliza kama naumwa.

Siku ya tatu asubuhi nikakohoa getini. Safari hii mlango wa jikoni haukufungwa. Nilifunga vile vyuma huku yeye amesimama mlangoni. Nilipomaliza nikaenda zangu mpaka kwenye ua, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa.

Nikasikia benchi likilalamika. Nikasikia ngozi ikikwaruza, gurudumu linakwenda. Likasimama. Likarudi nyuma kidogo. Likaenda tena, polepole zaidi. Likasimama. Halikurudi. Nilikuwa nimeshika waya wa ua. Nilijua kwamba kama halikufaa hili, sina lingine, na miaka ishirini na tisa inaishia hapa kwenye mikono yangu mimi.

"Makundi manne," mama mkwe akasema. Akaendelea kuhesabu. "Ishirini na moja. Hapana. Kuna dogo pembeni. Ishirini na mbili."

Nikageuka. Sikuweza kujizuia. Alikuwa ameinuka kidogo kutoka kwenye lenzi, mashavu yamelowa, na mimi nikavuka uani kwa hatua nne nikaunyoosha mkono, maana na mimi nilitaka kuona hilo dogo la pembeni.

"Usiguse."

Nikasimama.

"Usiguse, Mehluli. Jicho lako na langu si moja. Ukilizungusha nitalitafuta tena mpaka saa sita."

Aliniambia mimi. Si paka, si ukuta. Ana kwa ana, kwa jina langu, kwa sauti ile ya darasani. Nina miaka arobaini na sita, na nilifurahi kukemewa kuliko nilivyofurahia ile mno.

"Samahani, mama," nikamjibu.

"Kaa basi, usinizibie mwanga."

Kulikuwa na benchi moja tu. Nikakaa kwenye ncha yake, nusu ya tako hewani. Akaandika namba za siku hiyo. Zilikuwa zimepinda, lakini nne ilikuwa nne na ishirini na mbili ilikuwa ishirini na mbili. Kisha akarudisha macho juu, kwenye mistari ya mawingu.

"Yaache tu, mama," nikasema. "Huko ng'ambo nani atauliza kama Luveve kulikuwa na mawingu?"

"Miaka ishirini na tisa sijatuma nisichokiona."

"Na Khanyi akipiga picha, akisoma hukuona siku kumi na sita, akauliza kwa nini?"

"Anarudi kesho," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe utamwonyesha gurudumu, ili asianze kupanga mambo ya kunihamisha."

Akashika kalamu. Akakata neno mawingu kwenye mstari wa kwanza, na mstari wenyewe wa kukatia ulikwenda juu na chini, akaandika pembeni: sikuona. Herufi saba zilimchukua muda mrefu. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma kwa kiwiko, akaenda mstari wa pili. Shali ilikuwa imemwanguka begani na hakuirudisha. Nilikaa nikiutazama mkono wake ukihangaika na kalamu, mstari baada ya mstari, na yeye akaniacha niutazame.